Otomatiki kwenye kamera za mkono: mpaka uwekwe wapi?

Ubishi kuhusu kamera za mkono, zile ambazo mpigapicha hupanga mwenyewe tundu la lenzi, kasi ya shata (pazia linalofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu) na fokasi, huendeshwa kana kwamba otomatiki ni furushi moja la kupokelewa au kukataliwa lote. Kamera zenyewe hazikukua hivyo. Leica M3 ya 1954 haikuwa na kipima mwanga ndani yake. M5 ya 1971 ilikuja nacho, na M7 ya 2002 ikaweza kujichagulia kasi ya shata. Mwaka uliofuata ikatoka MP, ambayo betri yake ni ya kupimia mwanga tu. Ikiisha, shata inaendelea kufanya kazi.

Wanaotetea otomatiki wana hoja nzito. Mwanga hubadilika ghafla, na kwenye filamu ya picha 36 kila kosa ni hasara. Halafu kuna macho. Aliyezoea kufokasi kwa jicho tangu ujana hufika umri ambao picha kwenye kitafutio, yaani kidirisha cha kutazamia, haimkai sawasawa. Kumwambia huyo kwamba otomatiki ni uvivu ni utovu wa adabu, na hoja yenyewe ya uvivu haina uzito: anayetaka kujifunza mwanga atajifunza hata kama kipimo kipo.

Hoja ya upande wa pili ninayoiheshimu ni ya matengenezo. Gia iliyolika, fundi hodari anaweza kuichonga upya. Saketi ya elektroniki iliyoungua, ambayo kiwanda kimeacha kuitengeneza, mara nyingi ndiyo mwisho wa kamera.

Hata hivyo, kupima mwanga na kufokasi si mambo ya uzito mmoja. Kipima mwanga hukaa ndani na hakiigusi lenzi. Fokasi ya otomatiki huigeuza lenzi yenyewe: mota inataka kusukuma vioo haraka, kwa hiyo pete ya kufokasi hufupishiwa mzunguko na kulegezwa, na katika lenzi nyingi alama za umbali hutoweka. Hapo mkono umenyang'anywa kazi hata ukizima otomatiki. Kwa lenzi ya milimita 35 yenye tundu lililopangwa kwenye kipimo cha f/8, ukiweka pete kwenye mita 3, kila kitu kuanzia takriban mita 2 hadi 7 kitaonekana safi bila kufokasi tena. Bila alama hizo, utapima kwa kubahatisha.

Contax ilijaribu kukwepa tatizo hilo mwaka 1996. Kamera yake ya AX iliacha lenzi za mkono zilivyo, ikasogeza filamu mbele na nyuma ndani ya kamera. Ubunifu wa kupendeza, ila kamera ikawa nene na nzito.

Kielelezo changu ni Nikon FM3A ya 2001. Ukitaka, inachagua kasi yenyewe kwa elektroniki. Ukipanga kwa mkono, shata inakwenda kimakanika, betri iwepo isiwepo. Kuunganisha mifumo miwili katika shata moja si rahisi, na bei hupanda. Bado ningeilipa. Upande wa fokasi, ningeishia kwenye kile kitaa kidogo ndani ya kitafutio kinachowaka picha inapokuwa kali: kamera inaona kwa niaba ya jicho lililochoka, na pete inazungushwa na mkono.