Kompyuta Ikate Umeme au Imwachie Rubani?

Mwaka 2022 ndege ndogo aina ya Cessna Caravan yenye injini ya mafuta na mota ya umeme kwenye propela moja iliruka Marekani. Caravan hatuhitaji kuelezwa: ndiyo inayopeleka watalii hifadhi ya Kidepo, hapa Uganda, kutoka viwanja vya Kajjansi na Entebbe. Kwa hiyo mjadala wa mafundi wa mifumo hii unatuhusu: hitilafu ikionekana upande wa umeme, kompyuta ikate umeme yenyewe, au iwashe taa na kumwachia rubani?

Wanaotaka kompyuta ikate wana hoja ya shoti mkononi. Kwenye betri ya volti 600 mkondo wa shoti hupanda kwa milisekunde, wakati rubani anahitaji sekunde nzima kusoma taa tu. Hapo sina ubishi nao.

Tatizo ni kukata kwa kila kitu. Entebbe iko karibu mita 1,155 juu ya usawa wa bahari, na kwenye hewa nyepesi namna hiyo mota hufanya kazi kubwa zaidi wakati wa kupaa. Sensa moja ikidanganya, rubani ananyang'anywa nguvu kabla hajavuka miti.

Chukua kipimo cha insulesheni, yaani ukinzani, kwa omu, wa kinga inayozuia umeme usivuje. Kanuni ya magari ya umeme hutaka omu 500 kwa kila volti, yaani kilo-omu 300 kwa volti 600. Ndege ikilala nje karibu na ziwa, umande kwenye plagi unaweza kushusha namba asubuhi, kisha ikapanda mfumo ukipata joto. Namba inayoshuka kila propela inapoongeza mizunguko ni habari nyingine: kebo inasuguliwa na kibano chake. Kompyuta inayotazama kiwango cha chini peke yake itayaita yote mawili hitilafu. Tena, mfumo wa umeme ambao haukuunganishwa na mwili wa ndege hauleti shoti kwa uvujaji wa kwanza. Wa pili ndio hatari. Uvujaji wa kwanza basi ni wa taa na kutua salama, na ndege isiruke tena kabla ya kutengenezwa.

Joto la betri nalo lina alama zake. Sensa ikiruka kutoka nyuzi 30 hadi 120 ghafla huku seli jirani zimetulia na volti haijashuka, shuku waya wake kwanza. Seli inayoungua kweli huambukiza majirani. Na hata ukikata, moto huo ni kemia ya ndani ya seli, haungoji mkondo. Ndiyo maana Boeing 787, zilizozuiwa kuruka mwaka 2013 kwa sababu ya betri, zilirudi na sanduku la chuma lenye bomba la kutoa moshi nje.

Wapenzi wa kukata husahau pia sumaku za mota. Shoti ikiwa ndani ya koili za mota, kuzima inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, hakutoshi: injini ya mafuta inaendelea kuzungusha propela, sumaku zinazalisha umeme, koili zinaungua. Lazima iwepo klachi ya kuitenga mota.

Kwangu, kompyuta iachiwe kukata shoti tu, na mengine yapite kwa rubani yakiwa yamepimwa na sensa zaidi ya moja. Lakini sharti kumbukumbu za vipimo zisomeke na fundi hapo hapo uwanjani. Zikifunguka kwa kompyuta ya mtengenezaji pekee, ndege italala Kidepo siku tatu ikimsubiri mtu wa kuja kusema ni umande.