TV za Mbeya zilihamia dijitali 2013, je hela nayo ilifika?

Huku Nyanda za Juu Kusini kuna watu wana hela za parachichi na mbao, wamechoka kununua viwanja, na siku hizi swali lao ni moja: ukiingiza mtaji kwenye televisheni unatoka au unafilisika? Wengine wanasema dijitali ilifungua mlango kwa kila mtu, wengine wanasema mlango ulifunguliwa ila ndani hakuna kitu. Mi naona wote wana hoja, ila wanazungumzia sehemu mbili tofauti za biashara moja.

Turudi nyuma kidogo. Nchi zilikubaliana Geneva 2006 chini ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kwamba analojia, ule urushaji wa zamani wa TV, iwe imezimwa ifikapo 17 Juni 2015, Afrika Mashariki ikajiwekea tarehe ya mapema zaidi, 31 Desemba 2012, na Tanzania ndo ikaifata kweli, Dar ikazimwa siku hiyohiyo, zikaja Dodoma na Tanga, Mwanza, Arusha na Moshi, halafu Mbeya 30 Aprili 2013. Zamani kila kituo kilikuwa na mnara wake, jenereta yake na masafa yake, sasa kazi ikagawanywa: wewe unatengeneza vipindi, mwingine anabeba mawimbi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikatoa leseni tatu za kubeba, Star Media (hapo StarTimes akiwa na asilimia 65 na TBC 35), Agape wenye Ting, na Basic Transmissions wenye Digitek. Masafa yaliyokuwa yanabeba chaneli moja yakaanza kubeba kumi na kuendelea.

Kwa mwekezaji mdogo hiyo ni habari nzuri sana, tusibishe. Huhitaji kupanda mlima Loleza na vyuma, unahitaji kamera, watu wanaojua kazi, leseni, na hela ya kumlipa anayekubeba.

Ila sasa. Mwanzoni kabisa watazamaji walipungua kwa sababu mtu mwenye TV yake nzima ya chogo aliambiwa bila king'amuzi haioni kitu, na wenye vituo kupitia MOAT, chama cha wamiliki wa vyombo vya habari, mwenyekiti akiwa Reginald Mengi, wakalalamika mapema 2013 kwamba matangazo ya biashara yanakimbia, wakataka analojia na dijitali ziende sambamba kwanza. Serikali ikakaza. Binafsi naona serikali ilikuwa sahihi kwenye tarehe na ikakosea kwenye maandalizi, maana ukimwachia mtu mwaka mzima wa kusubiri atasubiri mwaka mzima kisha aanze kulalamika upya.

Kwetu shida kubwa ilikuwa milima. Jiji la Mbeya limekaa bondeni, mnara mmoja unalifikia vizuri tu, lakini ukivuka milima ya Uporoto kwenda Tukuyu, au ukienda Makete na Ludewa, kila bonde ni dunia yake. Enzi za analojia mtu wa huko alikuwa anapata chenga, sura hazieleweki ila sauti ya taarifa ya habari anaisikia, anafunga antena kwenye mwanzi mrefu, mtoto anaizungusha nje na baba ndani anapiga kelele "hapo hapo, usiiguse!", maisha yanaenda. Dijitali haina chenga, inakupa picha safi au inaganda na kuzima kabisa. Kujaza mabonde yote hayo kunataka minara midogomidogo mingi, na hesabu ya mnara kwa kijiji chenye TV chache hailipi, kwahiyo mwenye mtaji akaenda mijini. Haikuwa roho mbaya, ni hesabu.

Dishi likapita kwenye pengo hilo. Azam TV ilianza Desemba 2013 kwa setilaiti ikiwa na ligi kuu mkononi, na msimu uleule Mbeya City ndo wamepanda, wakamaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga! Vibanda umiza vya Mwanjelwa vilihitaji nini tena? Setilaiti haijali Uporoto. Mwaka 2021 Azam wakasaini miaka kumi na TFF kwa shilingi bilioni 225.6, hapo unaona hela ya TV ilikaa wapi, ilikaa kwenye mpira.

Kuna na la 2018. Chaneli za bure za hapa nchini ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku kwa sababu leseni zao zilikuwa za televisheni ya kulipia. Kisheria TCRA walikuwa na hoja, na waliowekeza kwenye minara ya ardhini walistahili kulindwa. Lakini mtu wa Makete ambaye mnara haujamfikia na dishi ndo njia yake pekee, yeye alilindwa na nani? Mwekezaji ajifunze hapo: leseni unayochukua ina uzito kuliko mtambo.

Faida ambayo haitajwi sana ni masafa yaliyobaki baada ya analojia kutoka. Mwaka huohuo 2018 Vodacom na Azam Telecom wakanunua masafa ya 700 MHz kwenye mnada, yanafaa intaneti kwa sababu yanasafiri mbali. Serikali ikapata hela, ila intaneti hiyohiyo ndo inawachukua vijana mbele ya TV, wanatazama vipande simuni.

Kwahiyo mwenye hela za parachichi, mimi nisingemshauri anunue mnara wala afungue kituo cha saa 24, mishahara itammaliza kabla hajapata tangazo la pili. Ningempeleka kwenye vipindi: kilimo cha viazi Umalila, mpunga wa Kyela, mpira wa mikoani, auze kwa vituo vya Dar na aweke mtandaoni pia. Watangazaji wa biashara wapo, wauza mbegu na mbolea, mabasi, vyuo. Kinachobaki ni kukaa na kituo kabla ya kununua kamera na kuandikishana nani analipa nini, maana vituo vingine bado vinataka mwenye kipindi ndo alipie muda wa hewani, na hapo hesabu inageuka yote.