Bora mkali asiyeiba kuliko kura za kununuliwa? Hebu tuiangalie hii hoja vizuri

Kuna hoja imeshika kasi sana huku kwetu, Arusha mpaka Moshi, ukikaa kijiwe cha kahawa na wazee au stendi na madereva wa Noah utaisikia tu: kwamba demokrasia ndo inayotuletea rushwa. Mtu anatumia mamilioni kuusaka ubunge, anakopa, anauza na shamba la urithi, sasa akiingia unategemea nini, si lazima arudishe hela yake kwanza? Kwa hiyo, wanasema, tutafute mtu mmoja mkali asiyejali sijui upinzani sijui mchakato, nchi inyooke. Wanataja Singapore ya Lee Kuan Yew, wanataja Rwanda, afu wanamalizia na Magufuli na hapo ubishi unakua mgumu maana kila mtu ana ndugu aliyetolewa kazini kwa cheti feki au jirani aliyehudumiwa ofisini bila kuambiwa njoo kesho.

Mi siikubali hiyo hoja ila siipuuzii. Wengi wanaoipinga wanakimbilia kusema demokrasia ni haki basi yameisha, wakati mwenzako kakuuliza swali la hela. Na kwenye hela ana pointi. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea akiwakirimu wapiga kura kwa nia njema na kwa mujibu wa mila zetu hiyo sio rushwa, sasa wewe kaa utofautishe pilau la nia njema na pilau la kununua kura. Ilidumu mpaka 2006 Mahakama Kuu ilipoitupa nje kwa sababu inakiuka Katiba, uchaguzi wa 2005 wote ushapita.

Na kufutwa kwenye karatasi sio kufutwa mtaani. Kura za maoni za ndani ya chama ndo soko lenyewe. Waulize waliowahi kuwa wajumbe, wengine wanasimulia huku wanacheka: mgombea anawachukulia gesti usiku wa kuamkia kura, mnakula mnakunywa, simu zinakusanywa ili mpinzani wake asiwafikie, asubuhi Coaster inawapeleka ukumbini na humo ndani ya Coaster bahasha zinapita. Usiku huohuo wapo waliotokea mlango wa uani wakaenda kuchukua na ya mgombea mwingine. Ndo maana 2020 nchi nzima ilicheka na ule msemo wa wajumbe sio watu wazuri, maana aliyetoa bahasha mia akaambulia kura tatu anaenda kushtaki wapi? Ataandika nini, kwamba nilihonga haikufanya kazi?

Upande wa pili wa hoja yao una namba pia. Kwenye kipimo cha Transparency International, ambacho mia ndo nchi safi kabisa, Tanzania ilikua na alama 30 mwaka 2015, Magufuli anaingia, ikafika 38 mwaka 2020. Uhakiki wa 2017 ulikamata vyeti feki karibu elfu kumi, na watumishi hewa walikua wameshaondolewa zaidi ya elfu kumi kabla ya hapo. Hicho kipimo kinabebwa na maoni ya wataalamu na wafanyabiashara, hakimuulizi mama anayefuatilia hati ya kiwanja chake, lakini hata hivyo mtu asikudanganye kwamba hakikutokea kitu. Kilitokea. Na Kenya hapo jirani, wenye uchaguzi wa ushindani kuliko wetu na katiba ya 2010 inayosifiwa kila kona, mwaka 2023 walikua na 31 sisi tuna 40. Kama ushindani wa kura peke yake ungekua dawa, Kenya ingekua imeshapona.

Sasa mi nina swali moja tu kwa wenzangu wa mkono wa chuma. Ule wizi tuliujuaje?

Rudi 2007. Dk. Slaa, wakati huo mbunge wa Karatu, anasimama Mwembeyanga anasoma orodha ya majina ya wakubwa anaosema ni mafisadi, Rais mwenyewe yumo. Februari 2008 kamati teule ya Bunge chini ya Mwakyembe inasoma ripoti ya Richmond, ile kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura, na Waziri Mkuu, Lowassa wa Monduli, anajiuzulu. Mwaka huohuo Basil Mramba wa Rombo, aliyewahi kua Waziri wa Fedha, anafikishwa mahakamani kwa ule msamaha wa kodi wa kampuni ya kukagua dhahabu. Wananchi wa Rombo hawakusubiri hakimu, 2010 wakampa jimbo mtu wa Chadema, chama cha upinzani, hukumu yenyewe ikaja 2015 na mwanzoni mwa 2016 mzee akaonekana anafagia hospitali ya Sinza Palestina kama adhabu mbadala. Afu 2014 Escrow, zile hela za umeme zilizochotwa kwenye akaunti ya Benki Kuu, na PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, ikiwa chini ya Zitto Kabwe wa upinzani, mabilioni yanatajwa moja moja na watu wamejazana kwenye tivii za baa wanaangalia Bunge kama fainali. Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, mawaziri wakaondoka.

Angalia hizo skendo zote zilifikaje kwako. Hakuna iliyoletwa na ukali wa mtu mmoja. Zimeletwa na mtu aliyekua na nafasi ya kuangalia hesabu za mwingine na huyo mwingine hana uwezo wa kumfukuza kazi kesho asubuhi, plus kamera. Basi. Januari 2016 serikali hiyohiyo ya Magufuli ya kutumbua majipu ikatangaza kwamba TBC haitarusha tena Bunge laivu kwa sababu ya gharama, mwaka huohuo mikutano ya hadhara ikapigwa stop na tukakaa hivyo mpaka Januari 2023. CAG Assad, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akasema Bunge ni dhaifu, akaitwa na kamati ahojiwe, Novemba 2019 akaambiwa kipindi chake kimeisha, na Mahakama Kuu ilikuja kusema 2022 kwamba kumuondoa vile hakukua sawa kikatiba. Too late kwake. Kwa hiyo miaka ile wezi tuliowajua ni wale tu walioamuliwa tuwajue. Inawezekana upigaji ulipungua kweli, mi nadhani ngazi za chini ulipungua, ila huko juu hatukua na dirisha la kuchungulia, na mtu aliyezima taa hawezi kuniambia niamini kwamba sebule ni safi.

Haya mambo hayakuanza na chama wala Rais yeyote. Wajerumani walitawala kwa maakida, wa juu anamteua wa chini, wa chini anakusanya kodi na anajibu kwa wa juu tu. Mwingereza akaja na DC wake, mkuu wa wilaya. Mwaka 1961 bendera ikabadilika ila kiti cha DC kikabaki palepale, bado anateuliwa, na sheria ya tawala za mikoa ya 1997 inampa uwezo wa kuagiza mtu awekwe ndani mpaka saa 48. Hiyo mashine ilitengenezwa ili kahawa na kodi vitoke, haikutengenezwa ili mtu wa Kibosho aiulize imetumiaje. Tumeweka sanduku la kura juu ya mashine ileile afu tunashangaa.

Chukua hata rushwa ndogo. Panda kigari chochote Moshi kwenda Arusha, mtasimamishwa, dereva anashuka na leseni mkononi na ndani ya leseni kuna elfu mbili imekunjwa, wanasimama nyuma ya gari nusu dakika, anarudi na leseni peke yake. Abiria wote tumeona, hakuna anayeongea, konda anahesabu kwamba hiyo nauli ya mtu imeenda. Huyo askari hata ungemchukia vipi kura yako haimfikii, bosi wake kateuliwa na bosi wa bosi wake kateuliwa. Anaogopa juu, hana sababu ya kuogopa chini. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kamba haijashikwa na sisi.

Kwenye kuua demokrasia ili kuua wizi, watu wa Kilimanjaro tuna mfano wa nyumbani kabisa. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha kahawa, ilianza 1933, wakulima wa kahawa wanachagua viongozi wao, na wizi ulikuwepo, tusidanganyane, mizani ilichezewa, viongozi walijikopesha. Vyama vya ushirika nchi nzima vilichunguzwa na tume mwaka 1966 ikakuta uzembe na ubadhirifu wa kutosha. Dawa iliyokuja 1976 ikawa kuvifuta vyama vikuu vyote na kazi ikapewa mamlaka za mazao za serikali. Je wakulima walipona? Malipo yakachelewa, gharama za mamlaka zikapanda, na safari hii huna mkutano mkuu wa kumsimamisha mtu umuulize. Miaka ya themanini serikali yenyewe ikavirudisha. Mwizi mliyemchagua kwenye chama cha msingi mnamjua mpaka kwao, mnaweza kumzomea mkutanoni na msimu ujao mkamtoa, ila karani aliyeletwa na mamlaka anapewa uhamisho tu anaenda kuibia wengine.

Na miiko ya Azimio la Arusha ya 1967 nayo ni hivyohivyo. Kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Safi sana, natamani ingekuwepo leo. Lakini mlinzi wa miiko alikua chama chenyewe, kwa hiyo 1991 wakubwa walipokaa Zanzibar wakailegeza hakukua na mtu wa nje mwenye uwezo wa kusema hapana. Kilichowekwa na kikao kikaondolewa na kikao.

Sasa niwe mkali na upande wangu pia. Kura zinasamehe kupita kiasi. 2015 Lowassa huyohuyo wa kwenye orodha ya Mwembeyanga akahamia Chadema, akapewa tiketi ya urais na waliokua wanamuita fisadi, Slaa akaondoka kwa hasira, na watu kama milioni sita wakampa kura, asilimia karibu 40. Huku Arusha na Moshi tulijaa barabarani. Mwenyewe hakuwahi kushtakiwa kwa Richmond na alishikilia mpaka mwisho kwamba hakufaidika, sawa, lakini sisi tuliokua tunaimba hatukusubiri kuchunguza hilo, tulitaka tu CCM itoke. Anayesema wapiga kura ndo dawa ya ufisadi aanze kwa kuelezea hiyo. Na kura zenyewe zikibaki jina, kama Oktoba 2025 ambapo Chadema haikuruhusiwa kushiriki, mgombea wa ACT, chama kingine cha upinzani, akaenguliwa na mshindi akatangazwa na zaidi ya asilimia 97, hata huo uwezo wa kumtoa mtu kama Rombo walivyofanya haupo tena.

Singapore nayo waisome yote. Ofisi yao ya kupambana na rushwa iliundwa 1952, Mwingereza bado yupo na Lee hajashika nchi, na 1986 ilimchunguza waziri wa Lee mwenyewe. Lee alikua mkali na wapinzani, ni kweli, ila aliiacha hiyo ofisi iguse watu wake. Sisi tunachukua ukali tunaacha ofisi. Na kwa kila Lee mmoja Afrika imepata Mobutu, miaka 32 peke yake juu, hakuna upinzani wa kumsumbua, na Zaire aliyoiacha 1997 mnaijua.

Kwa hiyo ukiniuliza tuchague nini, mi ningeanza na nani anamteua nani na nani anaweza kumtoa nani. Bosi wa TAKUKURU, CAG, IGP, majaji, tume ya uchaguzi, wote hawa kalamu yao inaanzia ofisi moja, ya Rais. Jaji Warioba aliandika ripoti ya rushwa 1996 kwa Mkapa, afu akaongoza tume ya katiba ambayo rasimu yake ilipunguza mamlaka ya uteuzi na kurudisha miiko ya viongozi kwenye katiba kabisa. Bunge Maalum likaikatakata 2014, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, na mpaka leo haijapangiwa tarehe nyingine.