Uchovu wa MS: picha ya ubongo isigeuzwe hakimu

Ukimuuliza mgonjwa wa maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao wenyewe huuita kwa kifupi MS, ni kitu gani kinachomtesa zaidi, mara nyingi hatataja mguu unaokufa ganzi wala jicho lililoingia ukungu. Atataja uchovu. Zaidi ya watu saba katika kila kumi wenye ugonjwa huu wanaupata, na wengi wao huacha kazi kwa sababu yake wakati miguu bado inawabeba vizuri.

Huu si uchovu wa mtu aliyeshinda shambani. Chukua mwalimu aliyepata usingizi wa saa nane nzima, akaamka na kunywa chai, akaingia darasani. Kipindi cha kwanza kinakwenda sawa. Kufika saa nne anaanza kuandika sentensi ubaoni, katikati yake anasahau alikuwa anaelekea wapi. Mkono unakuwa mzito, maneno ya wanafunzi yanamfikia kwa kuchelewa. Anakwenda kukaa ofisini, anapumzika, na kupumzika hakumsaidii chochote. Mwenzake anamwangalia usoni na kumwambia, "Mbona uko mzima tu?"

Hapo ndipo mabishano yanapoanzia: je, uchovu huu unatoka kwenye ubongo, kiasi cha kuonekana kwenye picha, au unatoka kwingine? MS ni ugonjwa ambamo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe: inabandua mailini, ule utando unaozifunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo, na kuacha mabaka yenye makovu. Jean-Martin Charcot aliyaeleza mabaka hayo Paris mwaka 1868, na leo MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, inayaonyesha. Inaonekana rahisi kusema kwamba mabaka ndiyo yanayochosha, kwa hiyo tuyahesabu, tupate jibu. Lakini ukiyahesabu, hesabu haikubali.

Nianze na upande unaosema uchovu huu uko kwenye ubongo, ambao nauona una hoja nzito. Mwaka 1997 kundi la watafiti lililoongozwa na Ulrich Roelcke lilipima jinsi ubongo wa wagonjwa wa MS unavyotumia sukari. Waliolalamikia uchovu mkubwa walionekana kutumia sukari kidogo kuliko wenzao kwenye sehemu ya mbele ya ubongo na kwenye viini vilivyozama katikati yake, vile vinavyohusika na kuanzisha tendo na kupima kama faida inastahili jasho. Tangu hapo tafiti nyingi zimerudi kwenye mtaa huohuo, hasa kwenye thalamasi, kituo ambacho karibu habari zote za mwili hupitia, na ambacho kwa wagonjwa wa MS huanza kusinyaa mapema. Ubongo mzima nao hupungua: kati ya asilimia 0.5 na 1 hivi kwa mwaka kwa mgonjwa asiyetibiwa, wakati mtu mzima asiye na ugonjwa hupoteza chini ya nusu ya hapo.

Kuna na ushahidi wa ubongo ukiwa kazini. John DeLuca na wenzake, huko New Jersey, waliwapa watu zoezi la umakini lililorudiwarudiwa huku wakiwapiga picha. Matokeo yaliyotoka mwaka 2008 yalionyesha kwamba kadiri zoezi lilivyoendelea, ubongo wa watu wazima wa afya ulituliza kasi, kama kawaida ya mtu anayezoea kazi. Ubongo wa wagonjwa wa MS ulizidi kujikaza. Kwa maneno mengine, kufanya jambo lilelile kunawagharimu zaidi, na gharama inapanda badala ya kushuka.

Tafiti hizi zimewafanyia wagonjwa jambo kubwa ambalo halikuandikwa kwenye malengo yake: zimewapa kitu cha kumwonyesha mume, bosi au daktari mwenye mashaka. Mtu aliyeitwa mvivu kwa miaka mingi ana haki ya kufurahia picha.

Upande wa pili unasema tusikimbie. Tofauti hizo hujitokeza unapolinganisha kundi na kundi. Ukimchukua mgonjwa mmoja mmoja, idadi ya mabaka kwenye MRI inabashiri uchovu wake vibaya sana. Yupo mwenye ubongo uliojaa mabaka anayefanya kazi hadi jioni, na yupo mwenye mabaka mawili matatu asiyeweza kumaliza kuosha vyombo. Halafu kipimo chenyewe cha uchovu ni maswali. Kinachotumika sana kilitengenezwa na Lauren Krupp na wenzake mwaka 1989: sentensi tisa, mgonjwa anajipa alama kuanzia 1 hadi 7. Mtu mwenye sonona atapata alama za juu. Asiyelala kwa sababu anaamka mara nne kwenda chooni, na MS huvuruga kibofu, atapata alama za juu pia. Hali kadhalika mwenye upungufu wa damu, au anayetumia dawa za kulegeza misuli, ambazo zinajulikana kwa kusinziza. Hao wote wamo ndani ya kundi la "wenye uchovu" linaloingizwa kwenye mashine, na mimi sioni jinsi picha itakavyowatenganisha yenyewe.

Hoja yao kali zaidi ni hii: yale tunayoweza kuyatibu leo yako huku. Thalamasi iliyosinyaa hatuna dawa ya kuirudisha. Usingizi, sonona, damu na kibofu tunaweza kuvishughulikia wiki hii.

Nakubaliana nao hapo kabisa. Ninapowaacha ni pale baadhi yao wanapovuka kutoka "haionekani kwenye picha" na kufika "basi ni mambo ya mawazo". Kuna ushahidi unaouvunja ukuta huo, na unatoka kwenye ugonjwa mwingine kabisa. Kwa miaka mingi homa ya ini aina ya C ilitibiwa kwa intaferoni alfa, kemikali ambayo kinga ya mwili hutumia kupeana taarifa za hatari. Wagonjwa wengi waliodungwa walichoka hoi, wengine wakaingia kwenye sonona. Lucile Capuron na Andrew Miller wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwachunguza na kukuta vile viini vya katikati ya ubongo vimebadilika utendaji, na dalili zikaelekeza kwenye dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu ya kutenda. Hawa hawakuwa na MS wala mabaka. Taarifa ya kinga peke yake ilitosha kuuzima moto wa mtu.

Hilo linaeleza kitu ambacho hesabu ya mabaka haiwezi kukieleza: kwa nini uchovu huja mapema mno. Kazi za Helen Tremlett na wenzake huko Kanada zimeonyesha kwamba watu ambao baadaye watagunduliwa kuwa na MS huanza kwenda hospitali kwa malalamiko ya uchovu, usingizi mbaya na maumivu miaka kadhaa kabla ya dalili ya kwanza inayotambulika ya neva. Kinga imeshachafuka, baka la kuonekana huenda bado halijafika. Kwa hiyo mabadiliko ya ubongo huenda yapo, ila MRI ya kawaida ya hospitali haikutengenezwa kuyaona.

Ipo pia nadharia ya Klaas Enno Stephan na wenzake wa Zurich, ya mwaka 2016, inayojaribu kuzipatanisha pande zote. Wanasema ubongo hukadiria muda wote kama unaudhibiti mwili, na unapojikuta unashindwa mara kwa mara, unatoa hisia ya uchovu kama hitimisho. Ni wazo zuri. Bado ni wazo zaidi kuliko jibu, lakini angalau halimlazimishi mgonjwa achague kati ya ubongo na mawazo, kana kwamba mawazo hukaa kwenye goti.

Kwenye tiba, matokeo yamekuwa ya kushangaza. Madaktari walikuwa wanaandika amantadini, modafinili na methilfenideti kwa uchovu wa MS kwa miongo. Jaribio lililoongozwa na Bardia Nourbakhsh, likachapishwa mwaka 2021, liliwapa wagonjwa 141 dawa zote tatu pamoja na kidonge kisicho na dawa, kwa zamu. Hakuna hata moja iliyokishinda kidonge tupu, na madhara yalikuwa mengi zaidi. Kisha mwaka 2024 likatoka jaribio la Tiffany Braley na wenzake lililolinganisha modafinili, tiba ya mazungumzo inayobadili fikra na mienendo, na vyote viwili pamoja. Makundi yote matatu yalipata nafuu, karibu sawasawa. Halikuwa na kundi la kidonge tupu, kwa hiyo modafinili isishangilie sana.

Wapo watakaosema: unaona, maongezi yamesaidia, basi tatizo lilikuwa kichwani. Huko ni kufikiri kombo. Mazoezi ya kutamka humrudishia maneno mtu aliyepata kiharusi, na hakuna anayesema kiharusi kilikuwa mawazo tu. Kitu kinachotibu hakikwambii kilichosababisha.

Sasa tuulete mjadala huu kwetu, maana huku unabadilika sura. MS kwa miaka mingi imeitwa ugonjwa wa Wazungu, na kweli ni adimu zaidi karibu na ikweta. Ila wapo wanaougua Nairobi na Dar es Salaam, na mtu wa pwani ana adui wa ziada: joto. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, aliandika mwaka 1890 kuhusu wagonjwa ambao uoni wao ulififia wakijitaabisha. Baadaye ikaeleweka kwamba mwili ukipata joto kidogo tu, neva iliyovuliwa mailini hushindwa kupitisha taarifa. Mgonjwa wa Mombasa mwezi wa Februari anaweza kuzimika saa saba mchana na kurudi sawa baada ya kuoga maji baridi. Hapo hakuna baka jipya. Ukimpiga picha asubuhi na mchana, utapata picha ileile.

Na picha yenyewe haipatikani kirahisi. Mashine za MRI ziko kwenye hospitali chache, nyingi za miji mikubwa, na bei yake si ya mfuko wa kila mtu. Anayelalamika uchovu hupimwa malaria kwanza, kisha wingi wa damu, pengine tezi ya shingo na sukari. Utaratibu huo si mbaya, kwa sababu hayo ndiyo ya kawaida. Ubaya unaanza pale majibu yote yakitoka safi na mgonjwa akaambiwa hana kitu. Kwa anayeshukiwa MS, MRI ni ya lazima ili ugonjwa utambuliwe na dawa za kuutuliza zianze mapema, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu, ikiwemo rituksimabu ambayo tayari inajulikana kwenye tiba ya saratani ya tezi limfu. Sibishani na hilo hata kidogo.

Ninachobishana nacho ni kuichukua picha hiyohiyo na kuipa kazi ya pili, ya kuamua nani amechoka kweli. Mwajiri anayetaka "ushahidi wa kipimo" ndipo ampunguzie mtu zamu anadai kitu ambacho sayansi haina. Daktari anayeandika barua kwenda kazini hahitaji kuyahesabu mabaka. Anaweza kuandika kwamba huyu ana MS, uchovu ni sehemu ya ugonjwa huu, vipindi vyake vizito viwekwe kabla ya saa nne, apate feni au chumba chenye hewa, na aruhusiwe kukaa anapofundisha.