Mteremko wa Boston usikudanganye
Kusema marathoni ya Boston, Marekani, ni rahisi kuliko marathoni nyingine kubwa eti kwa sababu njia yake inashuka ni kusoma ramani nusu. Kweli, kutoka Hopkinton, mbio zinakoanzia, hadi Mtaa wa Boylston, zinakoishia, unashuka karibu mita 140, na ni sababu mojawapo ya muda wa Mkenya Geoffrey Mutai wa 2011, saa 2:03:02, kutohesabiwa rekodi ya dunia. Lakini sehemu kubwa ya mteremko iko mwanzoni. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja ndiyo breki: inavutwa huku imekaza, nyuzi zinachanika kidogo kidogo, na hushtuki kwa sababu pumzi iko shwari. Utayajua ukifika mji wa Newton, kati ya kilomita ya 26 na 34, kwenye vilima vinne. Heartbreak Hill, cha mwisho, chenyewe si kikali kiasi hicho (jina limekikuza), na wengi hawamalizwi na kupanda bali na kushuka baada yake, paja likigoma. Kilomita 6 za mwanzo punguza kasi uliyopanga kwa sekunde 5 hadi 10 kila kilomita, hatua fupi za haraka, usiegemee nyuma. Mazoezini tafuta mteremko wa wastani mara moja kwa wiki, anza na dakika 10, acha wiki mbili kabla ya mbio. Anayesaka muda mzuri aende Berlin au Chicago, kuna tambarare. Mliokimbia pia marathoni ya New York, kupanda daraja lake la Queensboro mnakulinganishaje na Newton?