Rwenzori si volkano. Basi iliinuliwa na nini?

Sokoni Mpondwe, magharibi mwa Uganda, mpakani na Kongo, ambako Kiswahili ndicho kinachouza na kununua, utasikia watu wakisema Rwenzori ni mlima wa moto uliozimika. Hawasemi ovyo. Ziwa la chumvi la Katwe limo ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, Fort Portal ina kreta zake, na kule Sempaya, Bundibugyo, maji ya chemchemi huivisha yai. Lakini yachunguze mawe ambayo Mto Nyamwamba uliyaporomosha Kilembe, chini ya Rwenzori, kwenye mafuriko ya Mei 2020. Yana michirizi myeupe na myeusi iliyopindapinda, wala hayana vile vitundu vya hewa vya lava. Ni miamba yenye zaidi ya miaka bilioni moja, iliyopikwa upya ardhini kwa joto na mgandamizo. Hapo wanajiolojia hawabishani.

Wanachobishania ni jinsi miamba mikongwe hivyo ilivyofika mita 5,109, kilele cha Margherita, katikati ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi inavutwa huku na huku na kudidimia.

Kundi moja linasema nyufa zinatosha. Ganda la dunia likitanuka hukatika mapande: moja linazama, la jirani linainuka upande mmoja. Ushahidi wao unaonekana kwa macho. Upande wa Bundibugyo mlima unakatika ghafla hadi bonde la Semliki, chini ya mita 1,000, ilhali kaskazini mashariki bado umeshikana na nyanda za Toro. Hata milima ya Usambara, karibu na pwani ya Tanzania, ni miamba ya kale iliyoinuliwa kwa mikatiko ya namna hiyo. Sawa, ila Usambara haifiki mita 2,500. Rwenzori ni zaidi ya mara mbili yake, na hapo ndipo maelezo haya yananipwaya.

Mwaka 2010 wanajiofizikia Herbert Wallner na Harro Schmeling walileta hoja nyingine. Ufa mmoja ulitoka kaskazini, wa pili kusini, vikapishana na kuuzingira mlima. Joto likalainisha sehemu ya chini ya ganda, na tabaka zito lililokuwa chini yake likabanduka na kuzama. Ganda lililobaki likapanda, kama mtumbwi ulioshushwa shehena. Kinachonivutia ni kwamba mawimbi ya matetemeko yanaonyesha ganda chini ya Rwenzori ni jembamba, halina mzizi mnene ambao mlima mrefu hivyo ungetarajiwa kuwa nao. Tena kuna matetemeko madogo yaliyopimwa kwenye kina cha kilomita 53 hadi 60, kina ambacho nyufa za juu peke yake hazielezi. Udhaifu wa hoja yao ni kwamba ilijengwa kwa kompyuta, na kompyuta huonyesha linalowezekana, si lazima lililotokea.

Barafu na mito nayo imo: mlima ukichongwa hupungua uzito, ukainuka kidogo tena. Hilo ni la nyongeza tu.

Mimi naegemea kwa Wallner na mwenzake kuhusu urefu, na kwa watu wa nyufa kuhusu umbo. Kuhusu hatari, watu wa nyufa ndio wa kusikilizwa kwanza: tetemeko la Toro la tarehe 20 Machi 1966 lililoua watu zaidi ya 100 lilitokana na mkatiko wa juu, na mikatiko hiyo bado inasogea chini ya nyumba za Bundibugyo.