Kikonyo kilichoishia hewani

Jioni moja nyumbani kwetu Kadutu, hapa Bukavu, mpwa wangu alikuwa akikariri somo la mimea kwa ajili ya mtihani. Katika daftari lake palikuwa na mchoro wa jani wenye mishale minne, na mshale mmoja ulielekea kwenye neno la Kifaransa, pétiole. Alilirudia neno hilo kwa sauti nzuri, huku mikono yake ikiwa ndani ya beseni la sombe, yaani majani ya muhogo, alilowekewa na nyanya yake, ikikonyoa majani na kutupa vijiti vyake chini. Nilipomwuliza pétiole ni kitu gani, alinionyesha mchoro. Nilipomwomba anionyeshe moja ya kweli, alitazama ukutani, kisha dirishani, lakini hakulitazama lile rundo lililokuwa limefunika vidole vyake vya miguu.

Kwa Kiswahili kijiti hicho kinacholiunganisha jani na shina ni kikonyo, neno linalokaa jirani kabisa na kitenzi kukonyoa, kazi ambayo mtoto huyo huifanya kila wiki. Simlaumu mwalimu wake, kwa sababu mtihani una lugha yake na mwalimu hakuichagua. Hata hivyo, naona ni hasara kumfundisha mtoto wa Kivu habari za jani kwa mchoro pekee wakati beseni la sombe liko mapajani mwake.

Ukivunja kikonyo cha muhogo polepole, hutoka utomvu mweupe unaonata, na kati ya vile vipande viwili hubaki nyuzi chache zinazokataa kukatika. Ndani ya nyuzi hizo imo mishipa ya jani: zailemu, inayopandisha maji na chumvichumvi kutoka mizizini, na floemu, inayoteremsha sukari iliyotengenezwa na jani kwa msaada wa mwanga wa jua. Ugumu huohuo ndio unaowafanya mama zetu wavitupe vikonyo vilivyokomaa, kwa maana jani hupondeka kinuni na kulainika chunguni, ilhali nyuzi hubaki nyuzi hata baada ya kuchemka kwa muda mrefu. Wapo wauzaji wanaopitisha kila kitu mashineni, majani na vijiti pamoja, na mlaji huwagundua anapoanza kuchokonoa meno. Sombe ya namna hiyo mimi siinunui mara mbili.

Kikonyo cha muhogo huweza kufikia sentimita 30, na urefu huo una sababu yake. Majani ya muhogo huota kwa kulizunguka shina, na ukihesabu kutoka jani moja kwenda juu, kwa kawaida utakuta kwamba la sita, baada ya mizunguko miwili, ndilo linalosimama juu ya lile la kwanza. Kama majani hayo yangebandikwa kwenye shina bila vikonyo, ya juu yangeyanyima mwanga ya chini. Kikonyo hulisogeza jani mbali na shina, hulielekeza kwenye jua, na upepo unapovuma hupinda ili jani lisichanike. Si kila mmea unacho: jani la mahindi hulikumbatia shina kwa ala yake. Mpapai, kwa upande wake, una kikonyo kirefu chenye uwazi ndani, na watoto waliowahi kukitumia kupulizia mapovu ya sabuni wanakijua vizuri, ingawa hakuna aliyewaambia kwamba hilo nalo ni somo.

Mkulima hukihitaji kikonyo hata baada ya kuanguka. Jani linapozeeka, au ukame unapozidi, mmea hutengeneza tabaka dhaifu pale kikonyo kinapoungana na shina, jani likadondoka na kuacha kovu lililovimba kidogo. Juu tu ya kovu hilo, mahali palipokuwa kwapa la jani, ndipo lilipo jicho litakalochipua. Kwa hiyo anayeshika kipande cha shina la muhogo, hata kikiwa kimekauka pande zote mbili, anaweza kujua upande wa kuelekeza juu: kovu liwe chini ya jicho. Mimi sikulijua hilo nilipopanda mara ya kwanza huko Kabare. Vipande kadhaa nilivichomeka kichwa chini, navyo vilichelewa kuota hadi jirani akanicheka.

Jioni ile nilichukua bua la muhogo lililokuwa limeegemezwa ukutani, nikamwonyesha mpwa wangu makovu na macho. Alipitisha kidole kutoka kovu hadi kovu, akachukua kikonyo kimoja sakafuni na kukilinganisha na kovu mpaka akaona pale kilipokaa. Kisha akafungua tena daftari lake.

«Mjomba,» akaniuliza, «mbona hapa hawakuchora shina?»

Nilitazama. Lile jani lilikuwa limechorwa peke yake katikati ya ukurasa, na pétiole yake ilikuwa imeishia hewani.